Kigoda Kilichoishi Siku Mbili

Kila alasiri, baada ya kuteka maji, Ikupa alimsindikiza bibi yake kwenye darasa la elimu ya watu wazima kijijini Mbebe. Ilikuwa mwaka 1973, na kijiji kizima kilikuwa kimeshika kalamu. Madawati yalikuwa machache, kwa hiyo Bibi Tulinagwe alikaa sakafuni. Baridi ya Mbebe haina heshima kwa wazee. Magoti yalimuuma hata akatangaza kwamba masomo yake yataishia kwenye herufi M.

"Huachi, Bibi," Ikupa alisema. "Nitakuchongea kigoda."

Wiki hiyohiyo Mwalimu Osea, aliyefundisha watoto asubuhi na wazee alasiri, alikuwa amewaagiza Darasa la Sita, darasa la Ikupa, kuchonga vigoda. Sharti lilikuwa moja: miguu ikikatwa, iwekwe darini juu ya moto wiki tatu ikauke, ndipo ipachikwe. Ikupa aliikata Jumatatu. Jumatano ilikuwa imeshapachikwa, tena imebana kwelikweli.

"Umeikausha?" Mwalimu aliuliza.

"Nimeikausha, Mwalimu," alijibu, akimtazama kuku aliyekuwa akipita.

Siku mbili Bibi alikikalia nyumbani, karibu na moto, akikisifia. Ijumaa akaenda nacho darasani. Akaketi, akafungua daftari, akaandika M. Mguu wa kwanza ukachomoka. Wa pili ukafuata kwa adabu, kama uliokuwa ukingoja zamu. Wa tatu haukuona sababu ya kubaki peke yake. Bibi akawa chini.

Dirishani Watson, mwanafunzi mwenzake Ikupa, alivua kofia. "Ndugu wananchi," alisema kwa huzuni kuu, "marehemu alizaliwa Jumatano, ametutoka Ijumaa. Ameacha miguu mitatu."

Ikupa alikaribia kulia. Lakini Bibi, palepale chini, aliokota mguu mmoja, akaukagua. "Mwalimu, endelea kufundisha. Sakafu naijua, haijawahi kuniangusha."

Darasa likaangua kicheko. Ikupa naye akacheka mpaka machozi yakamtoka, na kicheko kikampa ujasiri.

"Mwalimu, nilisema uongo. Miguu ilikuwa mibichi, ikasinyaa kwa moto wa nyumbani, ikalegea. Niliogopa Bibi ataacha masomo kabla wiki tatu hazijaisha."

"Nani anaacha?" Bibi alifoka. "Kata mingine. Nitakungoja hapahapa chini."

Ikupa akakata mingine, akaipandisha darini. Kila asubuhi Watson aliuliza, "Dada, marehemu anafufuka lini?"

"Bado siku kumi na moja," Ikupa alijibu bila haya. Kesho yake, "Bado kumi."

Siku ilipofika, Bibi alikizunguka kigoda kama anayenunua ng'ombe. "Mwalimu, tangulia wewe."

Mwalimu Osea akaketi taratibu, kama mtu anayekalia mayai. Darasa likabana pumzi. Kigoda kimya.

Akainuka, akampisha Bibi. "Ikupa, mimi uliweza kunidanganya. Mti mbichi hukuweza kuudanganya hata siku tatu. Kazi ikikuharibikia, cheka, kiri kosa, kisha uirudie kuanzia hatua uliyoiruka."

Bibi hakuisikia hotuba hiyo. Alikuwa ameketi, ameinamia daftari, ulimi nje kidogo. Alikuwa amefika kwenye T, herufi ya kwanza ya jina lake.