Masele Anataka Kujitoa Mfukoni

"Mama, nyanya nne buku mbili? Zimepandwa mbinguni?"

Odeta akacheka kabla hajamwona aliyesema. Jumamosi, soko la Mirongo limefurika, na mbele yake kasimama kijana mrefu, shati la bluu limepigwa pasi vizuri, kikapu begani bila haya.

"Kila kitu kimepanda, kasoro mshahara," Odeta akamwambia.

"Dada, unaongea kama yule anayetubandikia matangazo ya mfuko wa uzeeni kiwandani kwetu Nyakato."

"Ndiye mimi."

Aibu gani hiyo! Masele, fundi wa vyumba vya baridi katika kiwanda cha minofu ya samaki, alitamani kujificha ndani ya kikapu chake. Badala yake akaomba namba.

Basi simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, ila sauti yako ndiyo sijashiba."

"Nyoo!" Odeta akacheka. "Maneno hayo umeazima wapi?"

Wakati mwingine walizungumza kazi. Odeta alimweleza kwamba michango ya wafanyakazi imewekwa kwenye hati fungani, yaani inakopeshwa serikali kwa riba, ili bei zikipanda, nayo ikue. "Usiwe na papara nayo," alimsihi, na Masele akaitikia kama mtoto mwema.

Kumbe wapi! Jumatatu moja akaingia ofisini kwa Odeta, kofia mkononi.

"Nataka kujitoa mfukoni. Nichukue changu chote."

"Chote? Ukijitoa sasa, alichokuchangia mwajiri unakipoteza. Una shida gani?"

"Nanunua ng'ombe. Pesa inayeyuka, ng'ombe anazaa."

"Ng'ombe utawalaza wapi, kwenye chumba chako cha kupanga?"

Masele akatazama sakafu. "Ni mambo ya ukoo."

Jamani, Odeta ni binti wa Kisukuma. Kijana anayesaka ng'ombe kwa haraka anataka kuoa, na yeye hakuambiwa neno. Moyo ukamlipuka paa!

"Hongera," akasema kwa ubaridi. "Nitaiambia kamati ya mfuko ikukatalie."

"Odeta, unanizibia njia."

"Tafuta nyingine."

Tangu hapo hakupokea simu yake. Alilia mpaka macho yakavimba, akiwaza huyo msichana ni nani na ana nini ambacho yeye hana.

Jumapili baba yake, Mzee Pius, akapiga kutoka Misungwi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwanangu, kulikuja wazee hapa kukuposa. Upande wa kijana anaitwa Masele. Niliwakataza wasikwambie mpaka ng'ombe wafike, lakini kimya! Wanasema kuna mtu kazini kwenu anambania pesa zake. Ni nani huyo mwenye roho mbaya?"

Odeta akakaa chini. "Ni mimi, baba."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Wakazungumza kirefu, Odeta akimbembeleza.

Jioni akavaa gauni la kitenge cha njano, akamkuta Masele ufukweni, ameketi juu ya jiwe, ziwa limetulia mbele yake.

"Nisamehe," akasema. "Nilidhani unaoa mwingine."

"Mwingine yupi, wewe mwanamke?" Masele akasimama, machozi yakimlengalenga. "Kwa hiyo utaniruhusu nijitoe?"

"Thubutu! Jibu ni lile lile. Baba amekubali ng'ombe wawili wa kuanzia. Waliobaki utawapeleka kidogo kidogo, kutoka kwenye mshahara."

"Kama michango?"

"Kama michango. Na mimi ndiye msimamizi."

Masele akacheka, akamshika mkono. "Na ile ya mfukoni?"

"Ile usiiguse, mpenzi. Ile tutazeeka nayo."