Niliinuka Bila Kuitikiwa

"Soma tena," nilimwambia Valence. "Soma kwa sauti, mafundi wenzako wasikie."

Valence alifuta grisi mikononi, akaishika barua ya baba yake kwa ncha za vidole.

"'Mkamwana wangu Noela. Nimesikia Jumamosi utapanda Matogoro mbio, umevaa kaptula, mapaja nje, mbele za watu na mapadre. Katika ukoo wetu halijatokea. Ukikimbia, ujue uchumba umekufa. Ni mimi baba mkwe wako, Gaspari.'"

"Haya. Nitakimbia."

"Noela!"

"Nitakimbia, na kaptula nitavaa. Au unataka nipande mlima na gauni la kipaimara?"

Mafundi baiskeli wa mtaa wa Bombambili, Songea, wakaangua kicheko. Mchumba wangu hakucheka.

Mwaka ulikuwa 1994. Mitumba imefurika sokoni, mashirika yanafungwa, kila mwenye kioski anajiita mfanyabiashara. Mmoja wao, muuza sabuni, ndiye aliyeanzisha mbio hizo za kupanda Matogoro mpaka kileleni na kushuka. Wanawake wawili wa kwanza wangepelekwa Arusha, kambi ya wanariadha, miezi sita. Mimi nilikuwa kibarua wa kupanda miti mlima huohuo. Miaka minne nimepanda na trei ya miche kichwani na kushuka nikikimbia. Nafasi ile niliitaka mpaka usingizi ulinipaa, na sioni aibu kusema.

"Unajua nani amepewa kazi ya kufunga utepe kileleni?" Valence aliuliza. "Mzee mwenyewe. Amekuwa bwana miti miaka thelathini, wamempa heshima hiyo. Na asiye na utepe mkononi hahesabiwi."

"Afunge utepe, basi. Kazi yake ni hiyo."

Valence akanishika mkono.

"Niachie mimi mzee. Nitaongea naye."

Ijumaa jioni alikuja nyumbani na raba za mtumba, nyeupe, zilizonizidi namba moja.

"Utaweka kitambaa mbele," alisema. "Na mzee nimeongea naye. Hatakuzuia. Hatasema hata neno moja."

"Kweli Valence?"

"Haki ya Mungu."

Nilimrukia shingoni mbele ya mama. Mama akajifanya anachochea moto.

Jumamosi saa mbili asubuhi tulisimama wanawake kumi na mmoja chini ya mlima. Kulia kwangu alikuwa Aisha wa Tunduru, suruali ndefu, kilemba kimefungwa barabara. Kushoto Lukresia wa Namtumbo, miguu mirefu kama ngazi.

"Dada, huku juu kukoje?" Aisha aliniuliza.

"Kuna mawe na utelezi. Ukichoka usitazame kilele, tazama miguu yako."

"Inshallah. Mbona unanifundisha na sisi ni wapinzani?"

"Ili nikikushinda usinisingizie uchawi."

Filimbi ikalia. Mita mia za mwanzo waliniacha, nikawaacha waniache. Njia ilipoanza kusimama nikawapita mmoja mmoja, maana pale kukimbia kwa uwanjani hakusaidii. Kifua kiliwaka, mapaja yakatetemeka, nami nikaongeza mwendo kwa makusudi. Kileleni nilifika wa kwanza.

Mzee Gaspari alikuwa ameketi kwenye kigoda, tepe nyekundu magotini. Pembeni yake alisimama Mwalimu Tadei, mwandishi wa mbio, na daftari. Nikapiga goti, kama mkamwana yeyote wa kwetu.

"Shikamoo baba."

Kimya.

"Shikamoo baba," nilirudia, nikanyoosha mkono.

Mzee akageuza uso, akawa anatazama mji wa Songea kule chini kama mtu anayetafuta bati la nyumba yake.

Sasa naomba unielewe. Kwetu mkamwana akipiga goti mbele ya baba mkwe, hainuki mpaka aitikiwe. Nilifundishwa hivyo kabla sijajua kusoma. Kuinuka kabla ni kumtukana mzee na kumwaibisha mama aliyekulea. Kwa hiyo nilibaki chini, kokoto zikinichoma magoti.

"Mzee, mfungie utepe," Mwalimu Tadei alisema. "Amefika wa kwanza."

Mzee akaendelea kutazama mji.

Aisha akatokea, anahema.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Lete mkono." Akamfungia, tena kwa tabasamu.

Aisha alipiga hatua mbili, akageuka. "Dada, umeumia?"

"Hapana."

"Sasa unangoja nini? Inuka, wallahi, wanakuja!"

Akaondoka. Akaja Lukresia, akafungiwa. Akaja Jane, askari magereza, naye akafungiwa. Nafasi zilikuwa mbili na mimi nilikuwa nimeshapitwa na watatu. Machozi yakanitoka, nikayaacha. Ndipo hasira ikaja, hasira ya kweli, ya mtu aliyepanda mlima kwa miguu yake, akanyimwa kushuka kwa heshima zake.

Nikainuka.

Mwalimu Tadei aliziba mdomo. Mzee Gaspari akanigeukia kwa mara ya kwanza.

"Umefanya nini?"

"Nimesimama, baba. Nimekuamkia mara mbili na masikio unayo."

"Ukiondoka hapa bila kuitikiwa, wewe si mkamwana wangu! Ni mtu baki!"

"Sawa. Basi nifungie utepe wa mtu baki. Hao watatu waliopita ni watu baki na umewafungia wote."

Mwalimu Tadei akakohoa na kunyanyua kalamu.

"Mzee, hapo amekupata. Nimwandike au nimwandikie muuza sabuni kwamba umekataa?"

Mzee akachukua utepe, akafunga. Alifunga vizuri, mafundo mawili. Sikumshukuru.

Kushuka ndiko kwangu. Wenzangu walishuka wanajizuia kwa visigino, mimi nilijiachia nikiruka mizizi ninayoijua moja moja. Jane nilimpita kwenye miti ya misindano. Lukresia nilimpita kwenye daraja la magogo, akapiga kelele "Ee mama, huyu katoka wapi!" Aisha sikumpata, alimaliza hatua ishirini mbele yangu. Nikawa wa pili, na wa pili alikuwa anakwenda Arusha.

Valence alipenya kwenye watu na khanga mkononi. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Noela! Uliinukaje?"

Nilikuwa sijavuta pumzi sawasawa. Nikamtazama.

"Umesemaje?"

"Nauliza... pole na mbio."

"Umeuliza niliinukaje. Nani amekwambia nilipiga goti?"

Aisha, aliyekuwa chini anakunywa maji, akainua kichwa. "Mimi sijamwambia mtu," alisema.

"Valence. Ulijuaje?"

"Tuongee nyumbani, mpenzi."

"Tuongee hapa hapa."

Hakusema. Aliyesema ni baba yake, walipofika chini na Mwalimu Tadei karibu saa nzima baadaye.

"Kijana, umenidhalilisha!" alifoka, fimbo imeelekezwa kwa mwanawe. "Mimi nilitaka kumfukuza kileleni, wewe ukasema, 'Usimfukuze, baba, nyamaza tu, hatainuka, namjua!' Mbona ameinuka?"

Mimi nilihisi baridi, na jua lilikuwa kali.

"Ndiyo maana ulisema hatatamka neno," nilisema.

"Noela, nilikuwa naogopa." "Ungeenda Arusha, ungekutana na watu wenye magari, mimi fundi baiskeli ungenikumbuka? Nilitaka ushindwe, basi, tufunge ndoa yetu. Nilifanya kwa kukupenda."

"Na raba ukaninunulia."

"Nilikuwa nakupenda hata wakati nanunua."

Nilimwamini, na hilo ndilo lililoniuma. Mzee aliniandikia barua, ubaya wake nikausoma kwa macho yangu. Huyu alinikumbatia mbele ya mama yangu.

Mwalimu Tadei alitandaza fomu ya kambi juu ya meza.

"Noela, hapa panatakiwa sahihi ya mume, mchumba au mzazi. Wanawake wote."

Valence aliwahi kalamu. "Naweka mimi. Nenda, Noela. Nenda Arusha, mimi nakuruhusu, ukirudi tunafunga ndoa. Nisamehe tu."

Mkono wake ulikuwa juu ya karatasi tayari. Niliupenda mkono ule, na grisi yake isiyotoka kwenye kucha. Nikauondoa taratibu, nikachukua kalamu, nikampa Mwalimu Tadei.

"Mwalimu, mchumba sina. Baba amekufa. Mama hajui kuandika. Nina miaka ishirini na miwili."

"Fomu inataka jina la anayekuruhusu, binti."

"Andika Noela."