Kilichomuua Mbuzi wa Adventina

Adventina aliwasha moto kama alivyouwasha kila asubuhi. Alichana kipande cha turubai, akakichomeka chini ya kuni, akakitia kiberiti. Moshi mweusi ulijaa jikoni. Binti yake Kasilda alikohoa.

"Toka nje ukapumue," Adventina alimwambia, kisha akainjika sufuria ya uji.

Turubai hilo walikuja nalo kutoka Tanzania. Adventina na mumewe Josephat walikulia katika kambi ya wakimbizi huko, wakaoana huko, na Kasilda alizaliwa huko. Amani iliporudi, nao walirudi. Walikuja kwenye kilima, yaani kijiji, cha wazazi wa Josephat, karibu na mji wa Muyinga. Walipokuwa wakijenga, walilala chini ya lile turubai. Nyumba ilipokwisha, Adventina alilichana vipande. Alifungia uzio, alifungia kuni, aliwashia moto. Vipande vilivyochakaa alivitupa nyuma ya nyumba. Huko kulikuwa na lundo la maganda ya viazi, majivu, makopo, na masashe, yaani mifuko ya plastiki ya chumvi na sukari.

Kambini walikuwa na shimo la taka. Kila mtu alitupa kila kitu humo. Shimo likijaa, shirika la misaada lilichimba jingine. Kilimani hakuna shirika la kukuchimbia shimo, lakini mkono uliozoea kutupa hauulizi. Mimi ninayeandika hadithi hii nimeona malundo kama hayo kuanzia Muyinga hadi Gitega. Wengine walioyatupa hawajawahi kuona kambi. Kila nikiyaona ninakasirika, na leo nitaeleza sababu.

Familia hii ilikuwa na mbuzi jike mmoja. Walipewa na chama cha kilima. Kanuni ya chama ni hii: ukipewa mbuzi, mtoto wake wa kwanza unampa jirani anayefuata. Jirani huyo naye atampa mwingine. Aliyefuata alikuwa mzee Leonardi, ambaye shamba lake liko chini ya nyumba ya Adventina.

Leonardi hakukimbia wakati wa vita. Alibaki kilimani. Familia hizo mbili ziligombea mpaka wa shamba kwa muda mrefu, na zilikuwa zimepatana juzi tu. Sasa mbuzi alikuwa na mimba. Watu wote walimngojea huyo mtoto wa mbuzi. Akikabidhiwa salama, wangejua kwamba waliorudi na waliobaki wameaminiana kweli.

Asubuhi hiyo mbuzi hakula.

"Baba Kasilda, njoo umtazame," Adventina aliita. "Tumbo limevimba. Hacheui."

Josephat alimgusa tumbo. Lilikuwa gumu kama ngoma. Walimpa maji, akakataa. Kabla ya adhuhuri alilala chini, akanyoosha miguu, akafa.

Adventina hakulia. Alikasirika.

"Ni Leonardi," alisema. "Jana nilimwona akimfukuza kwenye maharage yake. Alikuwa na kitu mkononi."

"Labda ni jiwe," Josephat alisema.

"Uliliona hilo jiwe?"

"Sikuliona."

"Basi usiseme ni jiwe. Ametia sumu."

"Mama Kasilda, hasira hasara. Tuulize kwanza."

Hakumsikiliza. Aliteremka mpaka kwenye uzio, akapaza sauti. Watu waliokuwa wakilima waliinua vichwa.

"Leonardi, umeniulia mbuzi! Wewe ni muuaji!"

Leonardi alitoka kwenye maharage, jembe begani.

"Mi niue mbuzi juu ya nini?" aliuliza. "Ile mtoto ilikuwa yangu. We ndo hukutaka kunipa. Mmetoka Tanzania na ujanja mingi."

"Na wewe umekalia mashamba ya watu mpaka ukasahau kwamba yana wenyewe."

Hapo watu waliacha kulima, wakasogea. Maneno ya namna hiyo ndiyo yaliyowahi kuchoma nyumba katika nchi hii, na kila mtu mzima aliyesimama pale alijua. Maji yakimwagika hayazoleki. Leonardi alilitupa jembe lake chini, akauruka uzio. Josephat alimkimbilia, akasimama katikati yao.

Wakati huo Sefu alikuwa akipita njiani na baiskeli yake. Sefu ni mchinjaji. Kwao ni Nyamugari, mjini Gitega, ambako Kiswahili huchanganywa na Kifaransa, lakini siku hizi anauza nyama Muyinga na huja kilimani kununua mbuzi. Aliposikia kelele aliisimamisha baiskeli.

"Ndugu Sefu, nunua basi nyama, tusipoteze vyote," Josephat alimwomba.

"Mi sinunue mfu," Sefu alijibu. "Mnyama yenye imekufa yenyewe haiuzwi, haikuliwi. Mtaizika. Lakini kisu iko hapa. Niifungue, tuone ilikufa na nini. Kisha mgombane mkiwa na akili."

Walimbeba mbuzi mpaka uwanjani. Watu walizunguka. Leonardi alisimama upande mmoja, Adventina upande mwingine, na hawakutazamana. Sefu alipasua tumbo. Alitia mkono, akavuta, akakunja uso. Kilichotoka kilikuwa bonge kubwa, jeusi, lenye kunuka. Alilimwagia maji, akaanza kulifumua kwa vidole.

Kwanza ilitoka sashe ya chumvi. Ikafuata nyingine, kisha kamba ya plastiki. Halafu akavuta kitu kirefu, cheupe, chenye maandishi ya buluu. Kilikuwa kipande cha turubai.

Kilima chote kilikuwa na nyumba moja tu yenye turubai hilo. Hakuna aliyehitaji kutaja jina.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mwanamke mmoja alisema kwa sauti ndogo.

Sefu alimgeukia Adventina. Alikuwa amekasirika na hakuficha.

"Mama Kasilda, sikia bien. Mbuzi inapenda chumvi. Sashe ya chumvi inabaki na chumvi ndani. Mbuzi inalamba, inameza. Maganda nayo umetupa pamoja na hii maplastiki, donc inameza yote. Plastiki haiozi. Haitoki nyuma. Inajikunja ndani, inafunga njia ya chakula. Mnyama inashiba plastiki, inakufa na njaa. Pale Gitega nimefungua mbuzi, nimefungua ng'ombe, niko nakuta hii kitu kila mara. Mi nimechoka."

Kisha alifungua mji wa mimba.

"Zilikuwa mbili."

Leonardi aliinama, akawatazama wale watoto wawili wa mbuzi. Alivua kofia yake. Akateremka, akaliokota jembe lake, akaenda zake, na kuondoka huko kulimuumiza Adventina kuliko matusi.

Watu walipotawanyika, Adventina alikwenda nyuma ya nyumba kwa hasira. Sasa alijikasirikia mwenyewe. Alikusanya turubai lote lililobaki, masashe yote, kamba zote. Akayarundika, akayatia moto. Moshi mweusi ulipanda. Kasilda alianza kukohoa tena, akashika kifua.

Sefu alikuwa akinawa mikono. Aliuona moshi, akaja mbio.

"Zima," alisema.

"Niache. Nitaichoma yote, isibaki hata moja."

"Zima, nasema. Umeua mbuzi, sasa unataka kuua mtoto? Moshi ya plastiki ni sumu. Huyu binti iko nakohoa tangu nifike. We unawashia jiko na nini?"

Adventina aligeuka. Alimtazama Kasilda. Alichukua ndoo ya maji, akaumwagia moto. Kisha akaketi chini palepale na machozi yakamtoka.

"Nilidhani ninasafisha," alisema. "Niambie basi nifanye nini. Usinigombeze tu."

Sefu alivuta pumzi. Hasira yake ilipungua, ingawa haikuisha.

"Alors, anza na kutenganisha," alisema. "Kitu yenye inaoza, weka peke yake. Maganda, majani, majivu kidogo, mavi ya mbuzi. Chimba shimo, zungushia uzio ili mnyama isiingie. Funika na majani ya migomba, mwagia maji wakati wa jua, geuza na jembe. Ikiwa nyeusi na haina harufu mbaya, hiyo ni mbolea."

"Na plastiki?"

"Plastiki usiilete nyumbani, hiyo ndo dawa ya kwanza. Masashe serikali ilishakataza, na bado watu wanayaficha dukani. We nenda sokoni na kikapu yako. Chumvi weka ndani ya kopo. Zile ziko hapa, osha, kausha, weka ndani ya gunia, tundika juu. Dada yangu Salama, pale Nyamugari, anazisuka vikapu. Mi nitampelekea."

"Moto je?" Josephat aliuliza.

"Majani makavu ya mikaratusi yanawaka vizuri. Mnayo mlima mzima."

Josephat alitikisa kichwa kwa aibu. Mikaratusi ilikuwa hatua chache kutoka jikoni.

"Na mbuzi wa Leonardi?" Adventina aliuliza. "Tunamdai mtu uaminifu, na sisi tuna deni lake."

Sefu aliutazama uwanja, akatema mate pembeni.

"Niko na jike moja. Naweza kuwapa muilishe, watoto tugawane. Lakini mi sileti mbuzi yangu hapa. Uwanja ikiwa safi, niite."

Kesho yake Adventina aliteremka kwa Leonardi akiwa na gunia tupu.

"Mzee, nilikuita muuaji mbele ya watu. Na yale ya mashamba, sikupaswa kuyasema. Nisamehe."

Leonardi aliendelea kulima. "Bado niko na hasira," alisema.

"Una haki, mzee."

Alilima hatua mbili tatu, kisha akasimama. "Kuja uone."

Alimpeleka mahali ambapo maharage yalikuwa ya njano na mafupi. Alipiga jembe, akafukua. Chini ya udongo kulikuwa na kipande cha turubai. Mvua ilikuwa imekiteremsha kutoka kwenye lile lundo. Maji hayakupita, na mizizi ilikuwa imejikunja juu yake. Alifukua pengine, akatoa sashe.

"Hii yote ni ya kwako," Leonardi alisema. "Nilidhani udongo imechoka."

Adventina alipiga magoti, akaanza kuokota. Alipojaza gunia la kwanza, Josephat alileta la pili. Jumamosi, wakati wa kazi za pamoja za kilima, Leonardi mwenyewe aliwaambia watu wengine waokote kwao. Aliwaambia kwa ukali, na hakuna aliyebisha, maana kila mmoja alikuwa na lundo lake nyuma ya nyumba.

Shimo la mbolea lilichimbwa. Gunia la plastiki lilitundikwa. Moto uliwashwa kwa majani ya mikaratusi, na kikohozi cha Kasilda kilipungua hadi kikaisha. Sefu alikuja, akazunguka uwanja mzima, akachungulia hata nyuma ya choo. Safari iliyofuata alileta mbuzi. Walikubaliana kwamba mtoto wa kwanza ni wa Leonardi, na wa pili ni wa Sefu.

Mvua zilipita. Mbuzi alizaa jike, mwekundu, mwenye miguu ya nguvu. Alipoacha kunyonya, majirani waliitwa kushuhudia, na Adventina akamshika kwa kamba ya mkonge.

"Mzee Leonardi, huyu ni wako."

Leonardi hakunyoosha mkono. Aliwapita wote, akaenda nyuma ya nyumba, kwenye shimo la mbolea. Alipiga jembe ndani, akageuza. Akapiga tena, chini zaidi. Aliinama, akachota mbolea, akaivunjavunja kiganjani mbele ya watu wote. Adventina alisimama, kamba mkononi. Haikutoka hata sashe moja.

Leonardi alipangusa mikono kwenye suruali yake, akarudi.

"Sasa naipokea," alisema.