Springi ya Patasi

Mimi si mtu wa mambo ya kichawi. Majirani zangu wanajua jinsi ninavyowacheka wanaosingizia mashetani kila wakiumwa tumbo. Kwa hiyo ninapokusimulia hili, nisikilize mpaka mwisho, usinikatize. Lilimpata mdogo wangu wa kike, tumbo moja, ziwa moja, na sehemu kubwa nililiona mwenyewe mchana kweupe, jua likiwaka.

Mume wangu ni fundi wa bunduki. Karakana yake iko ubavuni mwa nyumba yetu, na kibali chake amekitundika ukutani ndani ya fremu utadhani picha ya harusi. Siku hiyo asubuhi nilikuwa naanika nguo uani, nikimgombeza paka aliyelalia shuka safi, nilipomwona Bwana Mkubwa akiingia na kitu kirefu kilichofungwa kwenye blanketi. Nilijua ni nini kimo ndani.

Bwana Mkubwa ni jina alilojipa mwenyewe, na watu wakamwachia kwa kuchoka kubishana naye. Alikuwa kaka wa marehemu shemeji yangu, yaani mume wa huyo mdogo wangu. Shemeji yangu alikuwa seremala, mtu mpole, mwenye mikono ya dhahabu. Nyumba anayoishi mdogo wangu aliijenga yeye, na mlango wake wa mbele aliuchonga kwa patasi majira yote ya mvua, ko, ko, ko, mpaka tukamtania kwamba ameoa mlango. Basi ndugu hao wawili walikwenda kuwinda kanga, akarudi mmoja. Bwana Mkubwa alilia mbele za watu, akasema springi ya bunduki ilikatika, bunduki ikajifyatua yenyewe. Wakubwa wa kituo cha polisi walikuwa marafiki zake wa kupiga soga. Ikaandikwa ajali, bunduki akarudishiwa. Udongo wa kaburi haujakauka vizuri, akamtumia mdogo wangu ujumbe: atoke kwenye nyumba, ni mali ya ukoo.

"Fundi," alimwambia mume wangu siku hiyo, "nibadilishie springi. Nataka nianze tena kuwinda."

Hata haya hana! Niliuma kibanio cha nguo kwa meno ili nisimtukane.

Alipoondoka, mume wangu aliifungua. Ilikuwa bunduki ya zamani ya marisawa, ya mitutu miwili, yenye nyundo mbili za chuma kwa nje, nyuma ya mitutu, ambazo mtu huzivuta kwa kidole gumba kabla ya kufyatua. Alifungua kibati cha upande wa kulia, akaweka bisibisi chini. Mume wangu akiacha kazi katikati vile, najua kuna jambo. Nikaacha nguo zangu, nikaingia.

"Funga mlango," alisema kwa sauti ya chini.

Akanionyesha springi. Ni kipande cha chuma kilichokunjwa katikati kama kibanio cha nywele, na kilikuwa kimevunjika vipande viwili. Akakisogeza kwenye mwanga. Pembeni pa mvunjiko palikuwa na alama za meno ya koleo.

"Hii haikukatika yenyewe, mama watoto. Imebanwa ikavunjwa. Na hata kama ingekatika, springi ndiyo inayoisukuma nyundo. Isipokuwepo, nyundo inalegea, haiwezi kulipua chochote. Tazama." Akaisukuma nyundo kwa kidole. Ikalala upande mmoja, tepetepe.

"Kwa hiyo alimpiga risasi kwanza, ndipo akaivunja."

Alijifuta mikono kwenye aproni muda mrefu kuliko kawaida.

Nilipogeuka, mdogo wangu alikuwa amesimama mlango wa uani. Alikuwa amekuja kuazima ungo kwangu. Alikuwa amesikia kila neno, na hakulia hata kidogo. Aliondoka bila ungo, akarudi na patasi ya mumewe, ile pana, yenye mpini uliong'aa kwa jasho la kiganja chake. Akaiweka mezani.

"Shemeji, hiyo springi itoe kwenye hii."

Mume wangu alishtuka. Nielewe vizuri: springi za bunduki za zamani haziuzwi popote, fundi hujifulia mwenyewe kutoka kwenye chuma chochote kizuri. Lakini aliyemfundisha kazi alimwapisha jambo moja, kwamba chuma cha mtu asiyeweza kukuruhusu usikitie kwenye silaha. Alikuwa akilishika hilo miaka yote. Alimuuliza kila mteja, chuma hiki cha nani, na mwenyewe yuko wapi?

"Mwenyewe hayupo," alisema.

"Mimi ndiye mwenyewe sasa," mdogo wangu akajibu. "Au shemeji unataka nipeleke malalamiko yangu kituoni, wanicheke?"

Mume wangu akanitazama mimi. Nikamwambia, baba watoto, chuma si chuma tu? Fua. Na sikusema kwa bahati mbaya. Nilikuwa na hasira hadi masikio yanavuma.

Akaikata ncha ya patasi kwa msumeno wa chuma, kipande cha urefu wa kidole. Akakichoma mpaka kikawa chekundu, akakinyoosha, akakikunja, akakipiga tupa mpaka kikakaa sawa na kile kilichovunjika. Akakichoma tena, akakichovya kwenye mafuta, kikalia chsss. Mwisho akakipasha moto taratibu mpaka kikageuka rangi ya samawati, rangi ile anayoitaka yeye, inayoonyesha kwamba chuma kitapinda bila kuvunjika. Patasi iliyobaki, butu na fupi, mdogo wangu aliifunga kwenye kanga akaondoka nayo.

Mume wangu ana kawaida yake. Springi mpya huibana kwenye jiliwa, ile koleo kubwa ya mezani, akaiacha imekazwa muda, aone kama itachoka. Akaibana. Tukaenda kula chakula cha mchana, mlango wa karakana tukaufunga kwa kufuli. Tukiwa mezani tukasikia kitu kinagonga.

Ko. Ko. Ko.

"Nani anagonga?" niliuliza.

Mume wangu aliacha kutafuna. Tulikwenda pamoja, akafungua kufuli. Hapakuwa na mtu. Springi ilikuwa palepale, imebanwa. Chini ya jiliwa, sakafuni, palikuwa na kirundo cha vipande vya mbao. Vibichi. Vinanukia. Na katika karakana ile hapakuwahi kuchongwa ubao.

Nilichukua fagio, nikavizoa.

Bwana Mkubwa alikuja kuichukua bunduki yake, akaisifu, akavuta nyundo, akaiachia polepole. "Sasa hii ndiyo kazi," alisema. Mume wangu alimwambia neno moja tu: asiiwekee risasi. Yeye akacheka, akauliza bunduki isiyo na risasi ni ya kukorogea uji?

Haikupita wiki, huyo amerudi. Safari hii hakucheka. Macho mekundu, shati amelifunga vifungo vibaya.

"Fundi, itoe. Hiyo springi itoe sasa hivi."

"Ina kasoro gani?"

Akatazama nyuma yake kwanza. Akanong'ona. "Inajikoki. Naitundika ukutani nyundo ikiwa chini. Nikigeuka, iko juu. Na kuna mtu anagonga ndani ya nyumba yangu. Anachonga. Mchana kutwa anachonga."

Mimi mdomo wangu haujui kukaa. "Lakini shemeji," nikamwambia, "si ulisema inajifyatua yenyewe? Inayojifyatua yenyewe itashindwaje kujikoki?"

Uso ulimgeuka rangi. Kwa dakika hiyo nilimwona wazi, na yeye akajua nimemwona. Nilifurahi. Sijawahi kufurahi vile kwa shida ya mtu.

Mume wangu akafungua kibati mbele yake, akaitoa springi, akaitundika kwenye msumari juu ya meza. Akaisukuma nyundo ya kulia. Ikalala, tepetepe. Bwana Mkubwa akaisukuma mwenyewe, mara nyingi, mpaka akaridhika. Akavuta pumzi. Ujeuri ukamrudia hapo hapo kama mtu aliyevaa koti.

"Mwambieni ndugu yenu afungashe," alisema. "Kesho nakuja kubadilisha kitasa."

Kesho yake nilikuwa kwa mdogo wangu tangu asubuhi. Tulifunga ule mlango kwa ndani, tukakaa sebuleni, yeye amepakata kile kifurushi cha kanga. Hakuwa amefungasha hata kijiko. Bwana Mkubwa alikuja na bunduki begani, ya kututisha, na mtaimbo mkononi. Nilimwona kupitia dirishani. Aliegemeza bunduki kwenye nguzo ya baraza, hatua chache nyuma yake, mitutu imeinamia upande wa mlango, nyundo zote mbili zikiwa chini. Baraza zima hapakuwa na mtu mwingine. Akaupachika mtaimbo kwenye mlango aliouchonga mdogo wake, akauegemea. Ubao ukalia.

Hapo kukaanza kugongwa.

Ko. Ko. Ko.

Mlio ulitoka ndani ya ubao wenyewe. Mimi nilikuwa upande huu, yeye upande ule. Katikati hapakuwa na mtu. Mdogo wangu akainuka, akauwekea mlango kiganja, akatabasamu. Sijawahi kuona tabasamu lile usoni pake, na sitaki kuliona tena.

Bwana Mkubwa aliacha mtaimbo. Akageuka taratibu.

Nyundo ya kulia ilikuwa inapanda. Ile isiyo na springi. Ilipanda polepole, kama inayovutwa na kidole gumba cha mtu asiye na haraka. Ikafika juu. Ikatulia.

"Mdogo wangu," alinong'ona. Hakuwa akituambia sisi. "Mdogo wangu, nisamehe. Ni mimi. Niliivunja ili waniamini."

Mlango ukanyamaza.

Nyundo ikaanguka. Bunduki ikalia, naye akalala palepale barazani.

Wakuu wa kituoni walikuja, walewale. Wakauliza nani aliyeishika bunduki. Majirani wa upande wa pili wa barabara walisema hapakuwa na mtu karibu nayo. Mume wangu aliitwa, akafungua kibati cha kulia mbele yao. Kitupu. Akawaeleza kwamba nyundo hiyo isingeweza kulipua hata kiberiti. Mkubwa wao akachungulia mle ndani muda mrefu, jasho likimtoka, halafu akamgeukia mdogo wangu.

"Sasa mama, tuandike nini?"

Mdogo wangu akamtazama usoni. "Andika mlichoandika siku ile. Springi ilikatika, bunduki ikajifyatua yenyewe."

Akaandika. Angefanya nini?

Mdogo wangu bado anaishi kwenye nyumba yake, na hakuna aliyemgusa tena. Mume wangu aliporudi karakana siku ile alikwenda moja kwa moja kwenye msumari. Springi haikuwepo, na kufuli la mlango lilikuwa zima. Tulitafuta hadi chini ya meza, wapi! Siku hizi hafui chuma cha mtu yeyote, ananunua vyuma vipya dukani, na mimi nimeacha kumtania kuhusu hilo.

Baada ya matanga ya Bwana Mkubwa nilikwenda kumsaidia mdogo wangu kusafisha nyumba. Nikakikuta kile kifurushi juu ya kabati, nikakifungua nikitaka kuifua kanga. Patasi ilikuwa ndefu. Nzima, kali, kana kwamba haikuwahi kupitiwa na msumeno. Nikaipeleka dirishani. Kutoka kwenye mpini ni chuma cheupe cha kawaida, mpaka pale mume wangu alipokata. Kuanzia hapo hadi kwenye makali, urefu wa kidole, chuma ni cha samawati.