Nyonga Mpya ya Nyanya Ndindi

Kila alipotoka shule, Kanyiva alivua sare, akamchemshia nyanya yake uji na kumsaidia kuketi. Waliishi Mbotela, Nairobi. Mwaka huo, 1986, Nyanya Ndindi alikuwa amewekewa nyonga ya chuma baada ya kuchechemea kwa miaka mingi. Fundi seremala Njogu alikuwa amekiongezea kiti kimoja miguu ili kiwe kirefu, Nyanya asikunje nyonga sana akiketi.

"Nyanya asikalie kitu kingine," mama alionya kila asubuhi kabla ya kwenda kiwandani.

Jumamosi moja Kanyiva hakutulia. Jirani yao Khavere alikuwa na televisheni, na watoto walijaa mlangoni pake kutazama mieleka. Waliokuwa nyuma hawakuona kitu. Kanyiva alitoka, akarudi, akatoka tena. Mwishowe akakinyakua kile kiti kirefu ili akasimame juu yake.

"Nyanya, lala kidogo. Narudi sasa hivi."

Hakurudi mpaka aliposikia ukelele. Nyanya alikuwa amechoka kulala, akakalia kigoda chake cha kusukia vyondo. Uzi wa katani ulipoanguka, aliinama kuuokota, nyonga ikachomoka. Kanyiva alirudisha kiti mbio na kukisukuma kigoda uvunguni.

Mama alipofika, Nyanya alimtazama mjukuu wake aliyekuwa akitetemeka. "Nilikuwa kitini," akasema kwa uchungu. "Imechomoka tu."

Hospitalini, Daktari Obura aliirudisha nyonga mahali pake. Kesho yake alikuja amekunja uso.

"Kama imechomoka akiwa kwenye kiti kirefu, huenda kikombe kinachoshika kichwa cha mfupa hakikukaa sawa. Itabidi tumpasue tena. Kwa umri wake, ni hatari."

Kanyiva aliketi, akasimama. Alienda mlangoni, akarudi.

"Daktari, hakuwa kitini!" alisema ghafla. "Kiti nilikichukua mimi. Alikuwa kwenye kigoda!"

Mama alishika kichwa. Daktari hakumkaripia Kanyiva. Aliagiza Nyanya apigwe picha za eksirei za mgongo, akiwa amesimama, kisha akiwa ameketi. Zilipoletwa, aliziinua dirishani.

"Tazameni. Mtu akiketi, mgongo hulegea na fupanyonga huegemea nyuma, paja likapata nafasi. Mgongo wa nyanya yako umekakamaa, kwa hiyo fupanyonga halisogei. Nyonga mpya inapinda peke yake. Kwenye kigoda, magoti hupanda juu ya kiuno. Akiinama zaidi..." Alizungusha ngumi ndani ya kiganja, ikateleza nje.

"Mtampasua?" Kanyiva aliuliza.

"Hapana. Kikombe kimekaa vizuri. Atavaa mkanda wa kushikilia nyonga kwa wiki sita. Na vigoda ni marufuku!"

Nyanya alimshika Kanyiva mkono. "Nilificha ili usichapwe, mjukuu wangu. Mimi pia nilikosea."

Mama hakumchapa, ila alimkataza kwenda kutazama televisheni kwa Khavere muhula mzima, na Kanyiva hakulalamika.

Baada ya wiki sita, Nyanya aliingia kwa daktari akitembea kwa mkongojo, bila kushikwa. Daktari Obura alimgeukia Kanyiva.

"Kuondoka na kile kiti lilikuwa kosa," alisema. "Lakini kosa lililofichwa lingempeleka nyanya yako kwenye kisu bure. Daktari hutibu kwa kile anachoambiwa. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, hata kama sauti inatetemeka."