Matawi ya Mjohoro Barabarani Bahi

Nyukichuma milioni mbili walimwagika katika barabara kuu ya Dodoma hadi Singida saa tatu asubuhi, na jamani, walipendeza! Kila mmoja mdogo kama punje ya mtama, ana mabawa ya kioo na akili ya kutambua aina mia nne za maua. Lori-jiendeshe lililowabeba lilimkwepa punda karibu na Bahi, likalala ubavu. Halikuwa na dereva, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Lakini barabara nzima ilimetameta na kuvuma, na foleni ikafika kilomita tisa.

Mhandisi Nyamizi Kasanda, aliyewaunda, alishushwa na ndege-panzi, ile inayotua popote. Akapiga king'ora cha kuwaita warudi mizingani mwao, ndani ya lori. Akapiga tena. Wapi!

"Mhandisi, nakupa nusu saa," alisema Afande Tindwa wa usalama barabarani. "Baada ya hapo nabonyeza kizimio."

Kizimio kingefuta yote waliyojifunza kwa miaka minne, na alizeti za Singida zilibakiza siku sita za maua. Nyuki halisi walishakwisha huko. Bila hawa, wakulima wangevuna makapi.

Nyamizi alikagua mitambo ya king'ora dakika kumi nzima. Yote mizima. Ndipo mzee mmoja, abiria wa basi lililokwama, alipomsogelea.

"Samahani, mwanangu. Wadudu wako hawajapotea, wapo kazini. Hebu tazama chini yao."

Nyamizi akainama. Chini ya nyukichuma kulikuwa na matawi, yametandazwa mbele na nyuma ya lori, kama ilivyo desturi chombo kikiharibika njiani. Yalikuwa ya mjohoro, yamejaa maua ya njano. Nao walikuwa wakiyachavusha kwa bidii, maana kwao ua ni amri kubwa kuliko king'ora. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha hivyo!

"Nani kayaweka?"

"Nilianza mimi, wenzangu wakafuata."

"Basi tuyabebe, Baba. Taratibu."

Abiria wakashuka mabasini, kila mtu na tawi lake linalovuma, wakayaingiza mizingani. Mama mmoja alikuwa akilibembeleza lake kama mtoto mchanga. Dakika ya ishirini na tisa milango ya mizinga ikafungwa. Vigelegele! Hata Afande alisahau cheo chake akapiga makofi.

"Ulikuwa dereva, Baba?" aliuliza Nyamizi.

"Njia hii hii, miaka thelathini na moja. Hadi yalipokuja haya." Mzee akaligonga lori kwa kiganja, bila hasira. "Tuliachishwa kazi siku moja, watu mia mbili."

"Na bado ukalikatia matawi?"

"Sikulikatia lori. Anayekuja nyuma ana watoto wake, mwanangu. Na hili halina mtu wa kushuka kuyaweka."

Nyamizi akaona aibu. Kompyuta ya lori ilikwisha kuandika ripoti, ikisubiri sahihi yake: Binadamu waliohusika, hakuna.

Akafuta neno la mwisho.

"Jina lako kamili nani, Baba?"

"Yona Chilongani," mzee akajibu. Kisha akasogea karibu kuitazama skrini. "Andika na 'dereva'."