Kidole Kwenye Barafu

Jumamosi, 16:10

Chumba cha nyuma cha saluni ya Antoinette, Albert Park, Durban. Dirisha moja, limefungwa. Dawa ya nywele inawasha macho. Watu wanne, viti vitatu. Aliyesimama ni Désiré.

Serge, mume wa Antoinette, mwenye duka la simu pale chini, alipanga vitu mezani. Kiberiti. "Hii ni geti." Kitana. "Hii ni stoo." Kopo la mafuta. "Na hii ni kizimba cha simu. Simu mia tatu na sitini, bado ziko ndani ya maboksi. Kesho hakuna mfanyakazi. Getini iko mlinzi Anselmo peke yake, na Anselmo amekwisha kula chake."

"Kamera?" aliuliza Peguy, dereva.

"Zimekufa tangu Krismasi. Bosi hataki kulipa fundi."

Walicheka. Désiré hakucheka. Alimjua huyo bosi.

Alimfanyia kazi ya stoo kule Clairwood miaka miwili. Bosi akaleta mashine ya kusoma vidole, akasema sasa hakuna kuibiana saa. Kisha akamtoa Désiré kwenye kizimba cha simu, akamhamishia upande wa sabuni za viwandani, kumimina magadi makali kutoka kwenye mapipa, jozi moja ya glavu kwa watu watatu. Magadi yakala ngozi. Vidole vikawa laini kama sahani. Kila asubuhi anabonyeza, taa nyekundu. Mwisho wa mwezi mashine ikasema hakuja kazini siku kumi na moja. Watu arobaini walimwona akibeba mapipa. Bosi akaiamini mashine, akamfukuza kwa utoro. Ndivyo walivyo wenye viti. Wanakosea wao, kosa wanaliandika jina lako.

Sasa alikuwa na binti yake Deborah tu, miaka tisa. Mama yake alikufa mwaka uliopita. Baba akifungwa, mtoto anachukuliwa na serikali, anapelekwa kusikojulikana. Désiré alilisema siku ya kwanza: nabeba maboksi, jina langu lisionekane popote. Serge aliapa kwa mkono juu.

"Mwalimu, onyesha," Serge alisema.

Josphat alifungua kibaridi, kisanduku kidogo cha plastiki cha kuwekea barafu. Mkenya, anasoma chuo kikuu, utafiti wake ni hizo hizo mashine: zinakosea mara ngapi, zinadanganywa vipi. Mwaka juzi alikuja stoo na udongo laini wa plastiki. Kila mfanyakazi akabonyeza kidole, akapewa fifty rand. Désiré pia. Siku hizo vidole vyake vilikuwa bado na mistari.

Juu ya barafu kulikuwa na kitu cha rangi ya asali, kama ganda la kidole.

"Jelatini," Josphat alisema. "Unaivaa juu ya kidole chako, unaipulizia pumzi, unabonyeza. Nimeijaribu mara hamsini kwenye mashine kama ile. Imekubali thelathini na nane."

"Ile kidole ni ya nani?" aliuliza Désiré.

"Ya Billy. Msimamizi."

Alijibu haraka mno. Na alikuwa akiangalia barafu.

"Sisi tunatoka kanisani," Serge aliendelea. Kanisani yeye ni mtu wa protocole, ndiye anayewakalisha watu. "Saa tatu kila mtu anatuona. Sifa zikianza, watu wanafunga macho, tunatoka. Saa sita tumerudi, mhubiri bado anasema."

"Na kesho akifupisha?"

"Peguy, umewahi kumwona akifupisha?"

Jumapili, 10:05

Deborah alikuwa darasa la watoto, ukumbi wa chini, mkononi mwa Antoinette. Désiré alimwona kupitia kioo, anapaka rangi. Akatoka.

Ndani ya bakkie, ile pikapu ya kubebea maboksi, Serge aligawa jozi za glavu. Moja kwa Peguy. Moja kwa Josphat. Akavaa zake.

"Na zangu?"

"Papa Deborah, wewe huna alama hata moja. Glavu unataka za nini, baridi?"

Peguy alicheka mpaka akakosa gia. Désiré alicheka pia, kidogo. Kibaridi kilikuwa mapajani mwake. Serge alimpiga bega. "Mon frère." Robot ya pili, wakisubiri taa, tena. "Ndugu yangu wa damu." Serge hakuwa mtu wa kumwita mtu ndugu. Désiré alihesabu mara mbili, akaacha kucheka.

10:38

Clairwood. Malori yamelala. Joto la Februari limekaa juu ya mabati. Anselmo aliwaona, akageuza uso kwenye redio yake. Peguy alirudisha gari nyuma mpaka mlangoni, akabaki usukani.

Kizimba kilikuwa mwisho wa stoo. Nondo toka sakafu hadi dari, mlango wa chuma unaojifunga wenyewe, mashine ya kidole nje na nyingine ndani. Kuingia unabonyeza. Kutoka unabonyeza.

Josphat alivaa kile kidole. Akapuliza. Akasimama vibaya, bega lote limefunika kioo cha mashine.

Taa nyekundu.

"Eish," Serge alinong'ona.

Josphat alifuta kioo, akapuliza tena. Kijani. Kufuli likalia. Serge akasukuma boksi kwenye kizingiti, mlango usijifunge.

"Rudisha kwenye barafu, haraka," Josphat alimwambia Désiré. "Hili joto litaiyeyusha."

Wakaingia wawili, wakaanza kushusha maboksi. Désiré alibaki mlangoni na kibaridi. Hata bosi hakuwa ameijua ile mashine kama yeye. Alisimama mbele yake asubuhi mia na zaidi, akiibembeleza. Alijua kwamba kioo hubaki na jina la mtu wa mwisho.

Akainama, akasoma.

DESIRE M. 10:43.

Hawakumfuta. Wakubwa wakikufukuza, mshahara wanakumbuka kuukata siku hiyo hiyo. Mashine wanaisahau.

Akakipiga teke kile kiboksi kwenda ndani, akaingia nyuma yake. Mlango ukajifunga.

"Unafanya nini?" Serge aligeuka.

"Ile kidole ni ya nani?"

Serge akamtazama Josphat.

"Josphat. Nakuuliza wewe, mwalimu."

"Sikiza, bana. Ya Billy ilitoka vibaya. Yako ndiyo ilikuwa safi."

"Na glavu zilikuwa tatu."

"Papa Deborah," Serge alisema kwa upole, "jioni hii iko basi. Johannesburg, kesho Lusaka. Tiketi nimelipa mimi. Watakutafuta, hawakuoni, kwisha."

"Na mtoto?"

"Mtoto atafuata."

"Atafuata na nani?"

Serge akaanza kupanga maboksi upya.

"Futa jina langu," Désiré alimwambia Josphat.

"Haifutiki. Imeshafika kwenye kompyuta ya bosi."

Désiré alifungua kibaridi. Akatoa kile kidole, akakitia mdomoni. Kilikuwa baridi, hakina ladha. Akakitafuna mara mbili, akameza.

"Mungu wangu," Josphat alisema. "Amekula mlango."

Bastola ikatoka kiunoni mwa Serge. "Tapika!"

"Piga. Halafu utafungua na nini?"

Serge alimkamata kwa kola, akamburuta hadi kwenye mashine ya ndani, akambonyezea kidole gumba. Nyekundu. Cha shahada. Nyekundu. Mkono wa kushoto. Vidole kumi, vyote, kimoja kimoja, mpaka jasho la Serge likadondoka juu ya kioo.

"Acha," Josphat alisema kwa sauti ya mtu anayesoma ripoti yake. "Haitasoma. Vidole vyake vimekwisha."

"Peguy!" Serge aliita kwa nguvu. "Leta mtaimbo!"

Nje, injini ikawaka. Bakkie ikaondoka.

10:58

Désiré alikaa sakafuni, akatoa simu. Namba ya bosi alikuwa nayo. Mwezi aliofukuzwa aliipiga mara ishirini, ikalia tu. Leo ilipokelewa.

Alisema kwa Kiingereza chake cha stoo, polepole. Ni Désiré. Niko ndani ya kizimba cha simu, na wawili walioiba kidole changu. Mmoja ana bastola. Leta polisi.

Serge alimwelekezea mdomo wa bastola muda wote huo. Lakini hakupiga. Baadaye akaketi juu ya boksi.

"Umetumaliza, Papa Deborah. Na wewe umejimaliza."

"Mimi nitasema nilichofanya. Nilikubali kubeba. Na ninyi mtasema chenu." Akanyoosha mkono. "Mpigie mkeo."

Serge alipiga. Antoinette alipopokea, Serge akampa Désiré simu.

"Antoinette, hatuji. Usiulize. Niletee mtoto."

Kelele za watoto. Kisha pumzi ndogo.

"Papa?"

"Deborah, leo utalala kwa mama Antoinette. Ule, usimsumbue."

"Siku ngapi?"

"Sijui. Lakini mtu akikuambia nimekukimbia, usimkubali. Sijakukimbia. Niko hapa hapa Durban."

King'ora kilikata kona, kikaja juu ya mabati. Josphat alianza kulia. Sauti za watu zikajaa stoo, viatu, mbwa.

"Papa, huko kuna nini?"

"Ni watu," Désiré alisema. "Wanakuja kufungua mlango."